Hasara ya msuguano 21%? Angalia k yako

Ndugu, umeandika kwamba msuguano unakula 21% ya nguvu ya kuvuta kwenye kebo yako ya chuma, ile inayopita ndani ya bomba kukaza zege. Kwa kebo ya mita 30 inayovutwa upande mmoja, hiyo ni kubwa mno. Umechanganya fomula mbili. Kwenye Eurocode 2 (kanuni za Ulaya za kusanifu zege) hasara ni 1 − e^(−kipeo), na kipeo ni μ(θ + kx), yaani k nayo inazidishwa na μ. Hapo μ ni kipimo cha msuguano, θ ni jumla ya pembe kebo inazopinda, k ni upindaji usiokusudiwa kwa kila mita, na x ni urefu. Wewe umetumia μθ + kx, ambayo ina K yake tofauti kabisa, huku ukibaki na k ya Eurocode. Wengi hunasa hapo.

Rudia hivi: parabola ya kebo yako imeshuka mita 0.6 katikati, kwa hiyo θ toka mwisho hadi mwisho ni 8 × 0.6 ÷ 30 = radiani 0.16 (radiani, si digrii!). Kwa μ = 0.19 na k = 0.007 kwa mita, kipeo ni 0.19 × (0.16 + 0.21) = 0.0703. Hasara: 1 − e^(−0.0703), takriban 6.8%.

Kebo ikipinda juu kisha chini, pembe zinajumlishwa, hazifutani.

Siku ya kuvuta, pima kebo inavyorefuka kwenye jeki. Ikirefuka pungufu ya hesabu, shuku kwanza bomba lililopindapinda au kuingia zege.