Jirani Mjaini anafungua saumu ya siku 8: umwendeeje siku hiyo

Dada uliyeuliza kama inafaa kumpelekea jirani yako Mjaini (mfuasi wa Ujaini, dini ya asili ya India) biriani ya mboga kesho anapofungua saumu ya siku 8 za Paryushan, siku zetu kuu za toba: asante kwa kumjali, ila usimpelekee. Tumbo lake haliiwezi, na viazi, karoti na vitunguu wengi wetu hatuli kabisa. Mimi ni Oshwal, jamii ya Wajaini wenye asili ya Gujarat, India, wa Mombasa. Athai, yaani hiyo saumu ya siku 8 kwa maji ya kuchemshwa tu, nayo mchana, nimeifunga mwenyewe, na wazee wa nyumbani nimewauguza wakiifungua.

Kufungua tunakuita parna. Jua likichomoza bado hali. Husubiri dakika 48 (hapa kwetu inafika kama saa moja asubuhi), akunje ngumi, asome Navkar, sala yetu kuu, mara tatu, ndipo nadhiri inakwisha. Kijiko cha kwanza hulishwa na mkono wa mtu mwingine. Ukikaribishwa kumlisha usikatae, ni heshima kubwa. Huwa ni maji ya pojo yaliyochujwa, ya vuguvugu, hayana pilipili wala ndimu. Baadaye huja uji mwepesi wa unga wa ngano uliokaangwa kwa samli, ukatiwa sukari guru na tangawizi ya unga. Vijiko vichache, apumzike, kisha vichache tena. Akina shangazi humbembeleza, "ongeza kidogo, umekonda", na hapo mimi huwa mkali: mwacheni. Jua likitua hali tena, kama siku zote.

Asibebe mizigo wala asiinuke kwa ghafla. Miguu ikivimba, moyo ukimwenda mbio au akianza kuchanganyikiwa, ni hospitali moja kwa moja. Mwenye kisukari amwone daktari hata kabla ya kufunga.

Ila kilicho kigumu zaidi ni ulimi. Saumu kwetu ni ya kuchoma karma, yaani taka za matendo zinazoishika roho, na hasira na majivuno huleta karma nyingine. Siku ya parna simu hazinyamazi, wageni wanajaa, naye hana nguvu. Kukasirika ni rahisi mno. Ndiyo maana wengi husema kidogo, na jioni huketi kwa pratikraman, sala ya toba. Kwa hiyo usimsifu mbele za watu kwamba amewashinda wengine. Mwulize tu, "Shata ma?", u salama? Akikwambia "Micchami dukkadam", anakuomba msamaha, nawe mwombe.

Nenda saa nne hivi asubuhi, ukae kidogo, uage. Baada ya adhuhuri huwa amelala.