Jibu: 91 si namba tasa
Mkuu, umeuliza kama 91 ni namba tasa (isiyogawanyika ila kwa 1 na yenyewe) kwa kuwa 2, 3 na 5 zote zimegoma kuigawa. Hapana, umeishia njiani. Jaribu 7: 7 × 13 = 91. Imewanasa wengi hii, maana jedwali la kuzidisha tulilokariri wengi wetu liliishia 12. Kwa namba yoyote chini ya 121, ukishajaribu 2, 3, 5 na 7 umemaliza kazi.

Mimi naipenda kwa mengine. Jumlisha 1 hadi 13, unapata 91. Jumlisha miraba, 1+4+9+16+25+36, ni ileile. Vipeo vya tatu je? 3×3×3 + 4×4×4, yaani 27+64, 91 tena! Hata 6×6×6 ukitoa 5×5×5, yaani 216 ukitoa 125.