Maswali Yenu ya Bustani: Uani Mchanga Mtupu, Nianzie Wapi?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi niko Kibada, Kigamboni, tumehamia kwetu mwaka 2022 hata plasta ya nje haijaisha. Uani kote ni mchanga na mabaki ya fundi, vipande vya tofali, saruji iliyoganda, kokoto. Kila msimu nanunua miche, nimeshapanda mparachichi, mlimao, miwaridi na ukoka, vinaanza vizuri halafu majani yanaungua pembeni, mengine yanakuwa njano, mwisho vinakufa. Namwagilia kila jioni maji ya kisima. Baba watoto kachoka, anasema tuweke pevingi uani kote tumalize maneno. Mi nataka kijani jamani, watoto wapate pa kucheza. Nianzie wapi na itachukua muda gani?
(Mama Wawili, Kibada)

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera sana kwa nyumba. Mwambie baba watoto asimuite fundi wa pevingi kwanza, huo ua unapona kabisa. Sisi Tabata tulianza na kifusi hivyohivyo mwaka 1999, na leo saa nane mchana watu wanatoa viti wanakaa uani kwa sababu ndani kuna joto kuliko nje. Ila sikufichi, kivuli cha kukaa na kikombe chako cha chai hesabu miaka minne mitano, na bustani ya mtu kupita akasimama getini kuuliza hiyo ni kumi. Uzuri ni kwamba unaanza kula kutoka humo mwaka huohuo wa kwanza.

Tuanze na kinachoua miche. Jani likiungua kingo na juu ya udongo ukaona utando mweupe umeganda, hasa siku mbili tatu baada ya kumwagilia, hiyo ni chumvi ya kisima. Onja hayo maji, ulimi utakwambia. Sasa wewe unamwagilia kidogokidogo kila jioni, kesho yake jua likiwaka maji yanapotea chumvi inabaki, keshokutwa hivyohivyo, kiangazi kikiisha mzizi unakaa kwenye chumvi tupu. Ile njano nyingine, jani linapauka lakini mishipa inabaki kijani, mara nyingi ni saruji, maana saruji ina chokaa, na chokaa ikizidi ardhini mmea unashindwa kuchukua madini ya chuma hata kama yapo palepale. Na parachichi usinunue tena, huo mti wake ni Mbeya na Njombe huko kwenye baridi, na kwenye chumvi ni dhaifu kweli.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni koleo na toroli. Kusanya vifusi vyote, chimba kabisa pale fundi alipokuwa anakorogea zege maana hapo ndo pabaya kuliko pote, vifusi vyenyewe vitakusaidia kujazia njia ya gari. Maji badilisha utaratibu, mwagilia mara chache lakini mengi yazame chini, yaisukume chumvi ipite mizizi. Na ukipata hela ya gata na simtanki weka kabla hujafikiria ua lolote, mvua ya masika kuanzia Machi hadi Mei na ile ya vuli Oktoba hadi Desemba ni maji matamu ya bure yanamwagika tu bati zima halafu tunalalamika kisima kina chumvi.

Pili, ile hela ya miche mwaka huu inunulie samadi. Najua haina raha ya kuonyesha mtu, lakini ndo bustani yenyewe hiyo. Samadi ya ng'ombe iliyooza ni nzuri, ya kuku ni kali, iache ikae miezi miwili mitatu ipoe la sivyo inaunguza mizizi. Na ujue mchanga wa pwani na joto letu hili vinaila samadi haraka sana, kwa hiyo sio ya kuweka mara moja ukasahau, kila mwaka kabla ya masika unarudia, na mwaka wa tatu wa nne hivi ukichimba utaona udongo umeanza kuwa mweusi na nyungunyungu wamekuja wenyewe bila kualikwa.

Halafu kuna hii tabia yetu ya kufagia ua alfajiri mpaka mchanga unang'aa, majani yote tunalundika tunachoma. Naomba uiache. Hayo majani ndo chakula cha udongo, yatandaze shinani mwa miti unene wa kiganja ila yasiguse shina, utashangaa unavyopunguza kumwagilia. Najua wengi wanaogopa nyoka, na ni haki, basi pembeni ya nyumba acha hatua mbili tatu pawe peupe pamefagiwa, huko kwingine tandaza. Mchwa wakija usipige yowe, wengi wanakula hayo majani makavu na sio mti wako.

Shimo la mti lifanye hivi, tena Februari kabla mvua haijaanza. Futi mbili upana, futi mbili urefu, futi mbili kwenda chini. Udongo wa juu weka upande wake, wa chini upande mwingine, usichanganye. Chini kabisa panga makumbi ya nazi, ule upande wa nyuzi uangalie juu, yanashika maji muda mrefu sana kwenye mchanga, na wauza madafu watakupa maganda bure tena watakushukuru. Ila yafukie siku hiyohiyo, yakikaa wazi na maji ya mvua yanakuwa kiwanda cha mbu, na Dar tumeshaona dengi mwaka 2014 na 2019. Juu yake debe la samadi umechanganya na ule udongo wa juu. Acha kibeseni kidogo maji yakae. Mvua mbili tatu kubwa zikinyesha na shimo likatulia, panda.

Sasa upande nini. Miti kwanza, maua baadaye, kwa sababu mti ndo unaokula miaka. Mwembe nunua wa kubebesha, yaani ule uliounganishwa na kikonyo cha mwembe unaozaa, miaka mitatu minne unaanza kukupa, wa kokwa unaweza kusubiri mpaka mtoto amalize shule ya msingi. Upe nafasi, mita nane kutoka ukutani na mbali na karo. Mnazi mmoja au miwili, huo chumvi hausumbuki nao, lakini usiwe juu ya paa wala juu ya wanapocheza watoto. Upande wa jua la jioni weka mwarobaini. Mlonge unakimbia sana, mwaka mmoja umekupita urefu, huo ndo kivuli cha muda wakati mingine inajivuta, na majani unapika. Mipapai panda mitatu pamoja shimo moja, ikitoa maua toa dume ubaki na anayezaa, mwaka mmoja hivi unakula. Papai likianza tu kuchora mstari wa njano lichume umalizie ndani, kunguru hawa hawasubiri.

Katikati ya miti mwaka wa kwanza na wa pili jaza matembele na kunde. Matembele yanafunika mchanga usichomwe na jua, kunde inarutubisha udongo, na mboga hununui. Ukoka uache mpaka mwaka wa tatu. Kwenye fensi bogenvilia inatosha, ikishashika haina shida na ukame wala mchanga. Waridi subiri udongo uwe mweusi ndo urudi kwake, na asumini panda dirishani kwa chumba chenu, baba watoto akisikia harufu yake usiku atasahau pevingi.

Na hapo mwaka wa tano sita jua litapungua, mchicha utaanza kunyong'onyea, wala usikate mti kwa ajili yake. Hamia vya kivulini, magimbi, tangawizi, manjano, mchicha uufuate jua kwenye kona nyingine. Ua unabadilika na wewe unahama nao, mi mpaka leo kila vuli kuna kitu nahamisha.

Pevingi yenyewe mkubaliane hivi, wekeni mistari miwili ya tairi kutoka getini na kibaraza cha kuanikia nguo. Ukifunika uani kote joto linarudi ukutani usiku kucha, na maji ya masika yatakosa pa kuzama yatakwenda kwa jirani, hapo mtaanza kesi nyingine.

SWALI: Mama habari. Minazi yangu midogo hapa Bunju makuti mapya yanatoka yamekatwa kama mkasi, umbo la herufi V. Kijana wa bustani kapuliza dawa ya kuua wadudu mti mzima pamoja na wale siafu wekundu wanaokaa juu. Bado hali ni ileile.

JIBU: Nzuri baba. Huyo ni chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe, anatoboa kwenye moyo wa mnazi usiku na kukata kuti kabla halijafunguka. Dawa ya kupuliza juu haimfikii. Angalia pale kwenye moyo, ukiona tundu na unyuzinyuzi uliotafunwa unatoka, ingiza waya wenye ndoana umvute. Halafu tafuta anapozaliana, kwa kawaida ni rundo la samadi lililokaa muda mrefu au gogo la mnazi linaloozea uani, pindua rundo lote, wale funza wanene weupe wape kuku, na gogo lichome. Samadi weka mbali na minazi na usiiache ilale miezi mingi bila kuigeuza.

Ila wale wekundu wa juu sio siafu, ni maji moto, na usiwapulizie tena. Wanauma ndiyo, lakini ndo wanaomfukuza mdudu anayenyonya vidaka, zile nazi changa kabisa, mpaka vinapukutika. Kama wamekwisha kabisa, tafuta kiota kwenye mwembe wa jirani, kata tawi lake zima asubuhi mapema kukiwa na ubaridi, ufunge kwenye mnazi wako, na vaa mikono mirefu.