Maasi ya India ya 1857: Mbona Wakulima Nao Waliinuka?

SWALI: Mhariri, shuleni tulifundishwa kwamba maasi ya India ya mwaka 1857 yalitokana na askari kukataa risasi zilizopakwa mafuta ya nguruwe na ya ng'ombe. Kama chanzo kilikuwa hicho, mbona wakulima, ambao hawakushika bunduki hizo, nao waliinuka? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ulichofundishwa si uongo, ila ni nusu ya habari. Bunduki mpya ya Enfield ilitumia risasi iliyofungwa pamoja na baruti ndani ya karatasi iliyopakwa mafuta, na askari alitakiwa kuing'ata karatasi hiyo kabla ya kushindilia, jambo lililowachukiza Wahindu na Waislamu kwa pamoja. Kule Meerut, mji wenye kambi ya jeshi karibu na Delhi, askari wapanda farasi 85 waliozikataa walihukumiwa vifungo vya kazi ngumu, na tarehe 9 Mei wakavuliwa sare na kutiwa pingu mbele ya wenzao waliopangwa gwaride. Kwa maoni yetu, fedheha ile iliwasha moto kuliko mafuta yenyewe, kwani kesho yake wenzao waliwafungua, wakawaua maofisa wao Waingereza, kisha wakashika njia ya Delhi, ambako walimtawaza upya Bahadur Shah, mfalme wa jina tu, mzee wa zaidi ya miaka 80.

Kuhusu wakulima, itazame Awadh, dola ya kaskazini mwa India. Mwaka 1856 Kampuni ya India Mashariki, iliyotawala kwa niaba ya Uingereza, ilimwondoa mtawala wake, Wajid Ali Shah, ikapanga upya kodi ya ardhi na kuwanyang'anya wamiliki wakubwa, yaani matalukdari, vijiji vingi, ikitaraji kwamba wakulima wangeshukuru. Hawakushukuru, kwa sababu kodi mpya ilikuwa nzito na ilidaiwa bila huruma. Tena askari wengi wa jeshi la Bengal, mojawapo ya majeshi matatu ya Kampuni, walikuwa watoto wa vijiji hivyohivyo, hivyo kilio cha nyumbani kilifika kambini mapema. Maasi yalipoenea, wanavijiji walivamia nyumba za wakopeshaji na kuchoma madaftari ya madeni.

Viongozi nao walikuwa na visa vyao. Nana Sahib wa Kanpur alinyimwa pensheni ya baba yake wa kulea, na Lakshmibai wa Jhansi alipokonywa dola kwa hoja kwamba mrithi wake hakuwa mtoto wa kuzaliwa. Hata hivyo, majeshi ya Madras na Bombay kwa sehemu kubwa hayakuasi, na Masingasinga wengi wa Punjab walipigana upande wa Waingereza. Delhi ilianguka Septemba 1857, Lakshmibai akauawa vitani karibu na Gwalior Juni 1858, naye Bahadur Shah akapelekwa uhamishoni Rangoon, nchini Burma, alikofia mwaka 1862.

Mwaka 1858 Kampuni ilivuliwa madaraka na India ikawekwa moja kwa moja chini ya Malkia. Huko Awadh serikali mpya iliwarudishia matalukdari wengi ardhi yao ili kuwavuta upande wake, na wakulima wakabaki wakilipa.