Jibu: Makala moja, majarida mawili, na jina la mkuu wa idara

Dada, pole na presha ya kumaliza shahada. Umeuliza kama unaweza kutuma makala yako kwa majarida mawili ya kitaaluma, na kama umweke mkuu wa idara kuwa mwandishi mwenza. Kutuma makala moja kwa majarida mawili kwa wakati mmoja, hapana. Subiri jarida la kwanza likukatalie, au omba kuiondoa kwa maandishi, ndipo uende kwingine. Wapitiaji, yaani wataalamu wanaohakiki makala kabla haijachapishwa, hujitolea muda wao, na huenda mswada ukaangukia mikononi mwa mtu yuleyule mara mbili.

Hilo la jina ndilo zito. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba (ICMJE) ina masharti manne, na mwandishi ayatimize yote: mchango halisi kwenye utafiti, kuandika au kuhariri kwa kina, kuidhinisha toleo la mwisho, na kukubali kuwajibika. Mkuu wa idara aliyesaini tu barua yako ya kwenda kuhoji wagonjwa Temeke hafiki hapo. Mshukuru kwenye shukrani, kwa idhini yake. Ila yule kijana aliyekaa nawe usiku akichambua takwimu, mwulize kama yuko tayari kuandika nawe. Akitimiza yaliyobaki, jina lake liwemo.

Namba ya kibali cha maadili, iwe ya NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) au ya chuo, iandike kwenye sehemu ya mbinu. Wahariri huitafuta mapema.