Kwa wewe unayetaka kufungua banda la gemu Dodoma

Mwezi huu vijana watatu wameniomba ushauri wa kufungua banda la gemu, na wote wameanza na swali moja: ninunue PS4 au PS5, zile mashine za gemu za PlayStation za kampuni ya Sony? Mimi nina banda langu Chang'ombe, huu ni mwaka wa sita. Ndugu zangu, anzeni na swali hili: mashine itachezwa saa ngapi kwa siku?

Hata wanaozitengeneza hawategemei mashine yenyewe. PS3 ilipotoka Novemba 2006, Marekani iliuzwa dola 499 na 599, na bado Sony walipata hasara kwa kila moja, kwa kuwa kuitengeneza kuligharimu zaidi ya hapo. Mwaka 2021 ofisa wa Microsoft aliieleza mahakama ya Marekani kwamba hawajawahi kuuza Xbox, mashine yao ya gemu, kwa faida. Hela yao inarudi kupitia gemu, makato ya duka la mtandaoni na ada za wachezaji. Nintendo walipita kwingine: mashine yao ya Wii ya dola 250, teknolojia ya kawaida, faida tangu siku ya kwanza. Sega waliishiwa pumzi, wakaacha kutengeneza mashine mwaka 2001.

Sisi hatuuzi gemu, tunauza dakika. Kwangu mechi ya gemu la mpira wa miguu ni shilingi 500, anayefungwa analipa. Ukijumlisha kuchagua timu na ubishi, mechi moja inakula robo saa, yaani 2,000 kwa saa. Asubuhi banda limepoa. Watu wanaanza kujaa saa kumi jioni hadi saa tatu usiku. Mashine moja inakuletea 10,000 siku ikiwa nzuri, na hapo hujatoa kodi wala luku.

Wala hujatoa padi, kile kidude cha mkononi cha kuchezea. Padi ndiyo inayomaliza faida, na wageni wengi hawaiweki kwenye hesabu. Analogi ya kushoto, ile fimbo ndogo ya kumtembeza mchezaji, inachunika mpira wake wa juu, inabaki plastiki tupu, kisha beki anaanza kutembea bila kuguswa. Mteja akifungwa bao namna hiyo hatalipa, na ana haki. Mimi natenga 1,000 kwa kila mashine kila siku kwa ajili ya padi tu, siigusi hata kama nina shida.

Halafu vumbi. PS4 yangu ya kwanza niliiweka chini, karibu na mlango. Upepo wa kiangazi ulipochanganya, ikawa inanguruma kama mashine ya kusaga, mwisho ikazima katikati ya mechi. Fundi alipoifungua, feni ilikuwa imevaa vumbi jekundu, zito kama blanketi. Sasa zote ziko juu ya rafu, zinasafishwa kila baada ya miezi miwili.

Mtoto mwenye sare usimpokee saa za shule, hata akija na noti mkononi. Hilo naliomba kwa moyo wote. Hawa ni wadogo zetu.

Kuhusu PS5, mtaani kwetu wachache wanakubali kulipa zaidi kwa sababu yake. Anza na PS4 mbili zilizotumika. Kabla hujatoa hela, mwambie muuzaji awashe, ingia kwenye mechi, achia vidole vyote kwenye padi na umtazame mchezaji wako. Akisogea hata hatua moja, bei ishuke au uondoke.