Nyuki wanaong'ang'ania kijiti kwenye ua jioni: usiwapulizie dawa, wamelala

Mkuu mleta mada, weka chini kwanza hilo bomba la dawa. Umesema nyuki kumi na kitu wanakuja magharibi kwenye ua wako wa michongoma, wanang'ang'ania kijiti kimoja kikavu, ukiwagusa hawaruki, na asubuhi hawapo. Wachangiaji wa hapo juu wanasema wamekula sumu. Sivyo, hao wamelala.

Kwangu Morogoro niliwaona mara ya kwanza nikianua nguo, nikadhani ni mbegu za mti. Nikawasha tochi ya simu na kusogea hadi ikabaki kama shibiri moja. Kila mmoja alikuwa ameuma kijiti kwa taya zake, miguu ameikunja, mwili umenyooka hewani. Uzito wote uko mdomoni! Tumbo lina mistari ya bluu iliyopauka. Waliochelewa waligombea nafasi: anatua, anasukumwa, anamkanyaga mwenzake, anauma hapa, anaacha, anauma pale, mpaka anatulia. Nilisimama pale mpaka mbu wakanishinda.

Hawa si nyuki wa asali. Kwao hakuna mzinga wala malkia. Kila jike huchimba tundu lake ardhini au kwenye ukuta wa udongo na kulala humo. Madume hawana tundu, ndiyo maana hukusanyika kijitini, na wanaweza kurudi palepale siku nyingi mfululizo. Kwa hiyo hao wako karibu wote ni madume, na nyuki dume hachomi, kwa sababu mwiba wa nyuki asili yake ni kiungo cha kutagia mayai. Kutoruka ni usingizi na ubaridi tu. Jua likiwapata kidogo utaona wanatetemesha mwili, kisha wameondoka.

Nyuki aliyekula sumu humkuti ameuma kijiti vizuri hivyo. Utamkuta chini, anatambaa, anazunguka, mara nyingi amekufa ulimi ukiwa nje. Na ukikuta rundo la nyuki maelfu limening'inia uani hata mchana, hilo ni kundi la nyuki wa asali linalohama. Hapo toa watoto na mifugo, usirushe jiwe, ita mfugaji nyuki.

Umesema pia una bustani ya nyanya na biringanya. Basi majike wa nyuki hao ndio vibarua wako. Chavua ya nyanya imefungiwa ndani ya kijibomba chenye upenyo mdogo nchani. Jike wa nyuki hawa hulikumbatia ua la nyanya na kulitetemesha kwa nguvu mpaka chavua inamwagika. Nyuki wa asali hawezi kazi hiyo. Ukisikia mlio mwembamba, mkali, unaokatika-katika kwenye maua ya nyanya asubuhi, ni hao majike.

Mwaka jana nilimpa kijana kazi ya kupunguza ua, sikumwambia kitu, akakata na kile kijiti. Jioni walikuja wakazunguka mahali kilipokuwa, wakarudi kesho yake na keshokutwa, kisha sikuwaona tena msimu mzima. Iliniuma sana. Sasa kona ile haiguswi, na vijiti vikavu naviacha vining'inie. Juzi nimehesabu tisa.

Leo kwenye saa kumi na mbili na nusu jioni nenda na tochi, angalia taya zao, halafu tuwekee picha hapa.